Kujenga Sabufa kwa Nyumba ya Lamu: Kuanzia Chumba hadi Boksi

Sahani sita za kaure, urithi wa bibi yangu, ndizo zilizonifundisha mambo ya besi. Zilikuwa zimepangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chumba chetu hapa Mkomani, Lamu, na usiku nilipowasha sabufa kwa mara ya kwanza zilianza kulia zote pamoja, mlio mkavu kama wa meno ya mtu mwenye homa, kila mpiga gita la besi alipoigusa noti moja fulani. Nilidhani koni ya spika imepasuka. Nikakaza skrubu, nikabadilisha waya, nikafungua boksi lote na kulifunga tena, na mlio ukabaki palepale, kwa kuwa spika haikuwa na kasoro yoyote: chumba chenyewe kilikuwa kikiivumisha noti ile kuliko nyingine zote, na sahani zilikuwa zikitangaza tu. Noti nyingine, iliyo juu yake kidogo, haikusikika kabisa pale nilipoketi, ingawa nilipoinuka na kuegemea ukuta niliikuta imejaa tele.

Tangu usiku ule, mtu akiniuliza anunue sabufa gani, humwuliza kwanza chumba chake kina urefu wa mita ngapi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo: chumba, kisha uamuzi wa kununua au kujenga, kisha boksi, umeme, na mwisho mahali pa kuiweka. Hesabu zilizomo ni za kuzidisha na kugawanya, na kikokotoo cha simu kinazitosha.

Jambo moja la msamiati kabla ya kuanza. Madukani neno sabufa hutumika kwa seti nzima, yaani boksi moja kubwa pamoja na spika ndogo mbili au nne zinazolizunguka. Hapa nalitumia kwa lile boksi kubwa peke yake, ambalo kazi yake ni kutoa sauti zilizo chini ya hezi 80 hadi 100 hivi na kuziachia spika ndogo zilizobaki.

Hatua ya kwanza: pima chumba

Sauti ya hezi 40 ni hewa inayotetemeka mara 40 kwa sekunde. Katika joto letu la nyuzi 28 hivi sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la hezi 40 lina urefu wa mita 8.7, ambao ni mrefu kuliko vyumba vingi vya mji huu. Wimbi la namna hiyo halienei chumbani kama linavyoenea neno la mtu anayezungumza. Hugonga ukuta, hurudi, hukutana na lenzake linalokuja, na kutegemea vipimo vya chumba hujengana mahali fulani na kufutana mahali pengine. Ndiyo maana watu wawili walioketi kochi moja wanaweza kubishana kama besi ipo au haipo, na wote wawili wakawa wakweli.

Chukua futi ya kupimia, upime urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha ugawanye 174, ambayo ni nusu ya kasi ya sauti, kwa kila kipimo. Jibu ni hezi ambazo chumba kitazivumisha kwa upande huo. Chumba changu kina urefu wa mita 6.5, upana wa mita 2.6 na kimo cha mita 3.5, na kwa hiyo urefu unanipa hezi 27, upana hezi 67, na kimo hezi 50. Kila mvumo una maradufu yake pia. Maradufu ya 27 ni 54, na hiyo 54 imekaa karibu kabisa na ile 50 ya kimo. Mivumo miwili inayosukumana namna hiyo ndiyo iliyozitikisa sahani. Mpiga besi anapobana kibano cha tatu cha uzi mnene kuliko zote hutoa noti ya hezi 49, na hapo ndipo kelele zilipokuwa zikianza.

Nyumba za mawe za Lamu zinafanana sana kwa jambo hili. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina mpaka wa urefu inaoweza kuuvuka bila kupinda, kwa hiyo vyumba vimekuwa virefu na vyembamba, upana ukicheza kati ya mita 2.5 na 3. Upana huo huleta mvumo wa hezi 58 hadi 70, ambao ukiketi katikati kabisa ya upana hufutika masikioni mwako. Hiyo ndiyo noti iliyonipotea. Dawa ni kuketi karibu zaidi na ukuta mmoja wa upande kuliko wa pili, na kwa urefu wa chumba kuketi kwenye theluthi moja kutoka ukuta wa mwisho, badala ya katikati au kwa kuegemea ukuta wenyewe, ambako besi huzidi na kuwa nzito mno.

Ukuta nao una neno lake. Mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa, kwa unene wake wa karibu nusu mita, hayatetemeki kwa besi ya nyumbani, na kwa hiyo nguvu yote hubaki ndani. Chumba kikifungwa mlango, sabufa ndogo hufanya kazi ya kubwa. Aliye Malindi chini ya paa la makuti lililo wazi pembeni yuko katika hali nyingine kabisa. Makuti hayarudishi sauti za chini, upepo unapita, na besi huondoka kuelekea baharini, hivyo atahitaji boksi kubwa zaidi au maboksi mawili ili kupata kile ambacho mimi nakipata kwa moja. Mwenye paa la mabati atapata besi, pamoja na mabati yenyewe yakiimba juu yake.

Hatua ya pili: amua ushuke hadi wapi

Watu wengi husema wanataka besi ya chini kabisa bila kujua bei ya kushuka. Uzi wa chini kabisa wa gita la besi la nyuzi nne, na vilevile wa ile besi kubwa ya mbao inayosimama katika vikundi vya taarabu, hutoa hezi 41. Gita la nyuzi tano hufika hezi 31. Chini ya hapo kuna milipuko ya filamu, ngurumo, na baadhi ya muziki wa kisasa unaotengenezwa kwa kompyuta.

Ili kutoa sauti ya hezi 20 kwa ukubwa uleule wa sauti ya hezi 40, koni inalazimika kusukuma hewa mara nne zaidi. Mara nne ni spika nne badala ya moja, au spika moja inayocheza mbele na nyuma mara nne ya mwanzo, na nyingi haziwezi. Kwa maoni yangu, anayesikiliza muziki katika chumba cha mawe atosheke na hezi 35. Hapo atasikia kila uzi wa besi ya taarabu na sehemu kubwa ya filamu, na fedha iliyobaki itamfaa kwa mengine. Mfano nitakaoutumia huko mbele umelengwa hapo.

Hatua ya tatu: kama unanunua iliyo tayari

Usisome maandishi ya mbele. Niliwahi kubeba kutoka Mombasa, kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa mashua hadi gatini, kisha mgongoni mwa punda, seti iliyoandikwa wati elfu 12 kwa herufi za rangi ya dhahabu. Nilipoigeuza nyumbani nilikuta kibandiko kidogo nyuma: volti 240, hezi 50, wati 75. Kifaa kinachovuta wati 75 kutoka ukutani hakiwezi kutoa zaidi ya hizo kwa mfululizo, hata kiandikwe nini usoni. Zile elfu 12 ni hesabu ya aina inayoitwa PMPO, ambayo haina kanuni yoyote inayoibana. Namba ya kuulizia ni wati za RMS, yaani zile kifaa kinazoweza kuzitoa kwa mfululizo.

Isipokuwepo namba hiyo, kitazame kibandiko cha nyuma, na kama hakipo, fungua plagi uitazame fyuzi. Fyuzi ya ampia 3 kwenye volti 240 haipitishi zaidi ya wati 720 kwa muda mrefu, kwa hiyo seti yenye fyuzi hiyo inayodai maelfu inajikanusha yenyewe.

Gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole: likijibu kwa sauti fupi iliyokufa, mbao ni nene, likijibu kama dumu tupu, liache. Angalia ukingo unaoizunguka koni. Ukiwa wa mpira utavumilia hewa yetu ya chumvi kwa miaka, ukiwa wa sponji utaanza kumomonyoka vidoleni mapema kuliko unavyodhani. Hakikisha kuna kitufe cha kuchagua hezi za kukatia, yaani mahali sabufa inapoziachia kazi spika ndogo, swichi ya fezi yenye sifuri na 180, inayogeuza koni ianze kwa kusukuma au kwa kuvuta, na tundu la kuingizia waya kutoka kwenye televisheni au redio. Seti isiyo na vitu hivi vitatu haiwezi kurekebishwa kulingana na chumba, na kurekebisha kulingana na chumba ndiyo kazi yote iliyobaki.

Hatua ya nne: kama unajenga, chagua spika kwa namba tatu

Karatasi ya spika nzuri huwa na namba nyingi, na tatu kati ya hizo zinatosha kupanga boksi. Fs ni hezi ambazo koni hupenda kucheza ikiwa nje, bila boksi. Qts ni kipimo cha jinsi inavyojizuia kuendelea kucheza baada ya kusukumwa. Vas ni kiasi cha hewa, kwa lita, chenye ulaini sawa na ule wa mashikizo ya koni. Namba hizi zinabeba majina ya Neville Thiele, mhandisi wa Australia aliyechapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small, aliyeikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao fundi alikata mbao, akasikiliza, akakata tena. Spika inayouzwa bila namba hizi, hata iwe na sumaku nzito kama jiwe la kusagia, ni ya kubahatisha.

Kuna maboksi ya aina mbili yanayomhusu mtu wa nyumbani. La kwanza limefungwa pande zote, na hewa ya ndani hufanya kazi ya springi. Edgar Villchur wa Marekani ndiye aliyeliingiza sokoni mwaka 1954, kwa spika iliyoitwa AR-1. La pili lina bomba lililo wazi, na hewa ya ndani ya bomba hucheza pamoja na koni ili kuongeza sauti karibu na hezi zilizochaguliwa. La bomba hutoa sauti zaidi kwa wati zilezile, lakini ni kubwa zaidi, linasamehe makosa machache, na chini ya hezi zake sauti huporomoka ghafla huku koni ikibaki bila hewa ya kuishikilia. Lililofungwa hushuka taratibu, na chumba kilichofungwa huliinua tena huko chini. Kwa nyumba ya mawe nachagua lililofungwa bila kusita, na kwa banda la makuti la Malindi, ambako chumba hakisaidii chochote, nachagua la bomba.

Tuchukue spika ya inchi 10 yenye Fs ya hezi 24, Qts ya 0.48 na Vas ya lita 50. Kwa boksi lililofungwa, lengo la kawaida la kipimo hicho cha kujizuia spika ikishaingia boksini ni 0.707, kiwango ambacho besi haibweki wala haikauki. Gawanya 0.707 kwa Qts: 1.47. Zidisha jibu kwa lenyewe: 2.17. Toa moja: 1.17. Gawanya Vas kwa jibu hilo, upate karibu lita 43, na huo ndio ujazo wa hewa unaotakiwa. Ukizidisha Fs kwa ile 1.47 unapata hezi 35, mahali ambapo sauti itakuwa imeshuka kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndipo tulipolenga.

Kama Qts ya spika yako ni 0.3 au pungufu, hesabu itakupa kiboksi kidogo chenye besi fupi, na hiyo ni dalili kwamba spika iliumbwa kwa ajili ya bomba. Urefu wa bomba hupatikana hivi: zidisha 23,562 kwa kipenyo cha ndani cha bomba kilichozidishwa kwa chenyewe, gawanya kwa hezi zilizozidishwa kwa zenyewe, gawanya tena kwa lita za boksi, kisha toa 0.73 ya kipenyo. Bomba la sentimita 10 katika boksi la lita 60 linalolenga hezi 30 litakuwa na urefu wa sentimita 36. Bomba jipya la plastiki la inchi 4, lile la maji machafu, linafaa sana, lakini lipime kipenyo cha ndani mwenyewe kabla ya kupiga hesabu. Liache sentimita 10 angalau kati ya mdomo wake na ukuta wa ndani wa boksi, na usilipunguze kuwa bomba la inchi 2 kwa kuokoa nafasi, kwani hewa itapiga mluzi.

Hatua ya tano: kata, gundi, ziba

Mafundi wa bara hupendekeza MDF, yaani bao la ungaunga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18, na kwa bara wana haki. Huku kwetu upepo wa kusi ukianza kuvuma, MDF hunywa unyevu kingoni na kuvimba kama mkate uliodondokewa na chai. Tumia plaiwudi ya baharini ya milimita 18. Mbao nzima za mbambakofi ni nzuri kwa milango na majahazi, lakini mbao hupanuka na kusinyaa na majira, na boksi lililofungwa halivumilii hata ufa wa upana wa unywele. Lamu haina uhaba wa maseremala hodari. Mtafute anayetengeneza saraka zinazofunguka bila kukwama, na umzuie kwa upole asianze nakshi kabla tundu la spika halijakatwa.

Kwa lita zetu 43 ongeza lita 2 zitakazoliwa na spika yenyewe na lita 1 ya mhimili wa ndani, jumla 46. Vipimo vya ndani vya sentimita 44 kwa 36 kwa 29 vinatoa hizo. Mwambie fundi akate vipande vitatu vya sentimita 47.6 kwa 39.6, viwili kwa ajili ya mbele na kimoja cha nyuma. Viwili vya 39.6 kwa 29 kwa juu na chini. Na viwili vya 44 kwa 29 kwa mbavuni. Vyote vinatoka katika theluthi moja na ushei wa bao la futi 8 kwa 4. Uso wa mbele ni wa mbao mbili zilizogandishwa pamoja, kwa kuwa ndio unaobeba spika na ndio unaopigwa zaidi.

Tundu la spika lipimwe kutoka kwenye spika iliyo mkononi, hata kama karatasi imeandika kipimo. Piga msumari katikati, funga uzi wenye penseli, chora duara, kisha kata polepole. Ni afadhali tundu liwe dogo kwa milimita mbili ukalipiga msasa kuliko liwe kubwa, maana skrubu zikikosa mbao ya kushika hakuna gundi itakayookoa. Gundi nyeupe ya mbao ipakwe kote bila kuacha pengo, skrubu zifuate kila sentimita 12 hivi, na boksi lilale usiku mzima. Kabla ya kufunga upande wa nyuma, simamisha mhimili wa mbao wa sentimita 4 kwa 4 kati ya mbavu mbili. Ukishafunga, ingiza mkono kupitia tundu la spika uzibe kila kona kwa silikoni, na hapa pana onyo: ile yenye harufu ya siki hutoa mvuke unaokula chuma na shaba, kwa hiyo liache boksi wazi siku mbili kabla ya kutia spika. Vanishi ipakwe ndani na nje. Skrubu za kushikilia spika ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Pamba ya ndani hulifanya boksi lijione kubwa kidogo kuliko lilivyo na kuua mwangwi wa ndani. Mimi nilitumia sufi, ileile ya mito na magodoro ya zamani, nusu kilo hivi, nikaifunga kwenye kitambaa chepesi cha shashi ili nyuzi zake zisipeperuke na kuingia kwenye koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni. Katika boksi la bomba pamba ibandikwe kutani tu, na njia ya hewa kuelekea kwenye bomba iachwe wazi.

Waya zikishafungwa, chukua betri ndogo ya volti 1.5 na uguse chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye vituo vya boksi. Koni ikiruka kuelekea nje, waya ziko sawa. Ikivutwa ndani, zimepishana. Kisha isukume koni kwa vidole vyote, taratibu, na uiachie. Ikirudi kwa uvivu, boksi limeziba. Ikirudi mara moja, hewa inatoka mahali, na mahali hapo hupatikana kwa kijiti cha udi: cheza sauti ya hezi 30 kwa kiasi cha wastani, pitisha moshi kwenye viungo vyote, na pale moshi unapotikisika na kukatika ndipo penye ufa. Langu lilivuja penye kituo cha waya, mahali ambapo nilikuwa nimeapa pameziba.

Hatua ya sita: umeme na ampi

Kwa spika moja ya inchi 10 katika chumba cha mawe, ampi, yaani kikuza sauti, ya wati 150 za RMS inatosha na kubaki. Wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini haishangazi. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu zinahitajika wati mara kumi. Kwa hiyo fedha ya kuhamia kutoka 150 hadi 300 itumike kwa spika bora.

Omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme, zisipuuzwe. Spika yenye koili mbili za omu 4 inaweza kuungwa kuwa omu 8 au omu 2, na ampi isiyoandikwa kwamba inabeba omu 2 itaungua, pengine si leo, bali siku ya harusi umewaazima watu. Anayetumia betri na sola kwa sababu umeme hukatika achague ampi ya daraja la D, ambayo hupoteza nguvu kidogo kwa joto. Hata hivyo wati 300 kutoka betri ya volti 12 ni ampia 25, na ukijumlisha kinachopotea kwenye ampi hukaribia 30, hivyo waya uwe mnene na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Ukisikia mngurumo usiokoma hata muziki ukinyamaza, huo ni umeme wa ukutani wa hezi 50 unaopenya kupitia waya za ishara. Chomeka televisheni na ampi kwenye soketi moja, zitenganishe waya za ishara na za umeme. Wako watakaokuambia uukate waya wa ardhi kwenye plagi, na mngurumo utaisha kweli. Siku koili ya transfoma itakapogusa chuma, chuma hicho kitakuwa na volti 240 na mkono wako ndio utakaokuwa waya wa ardhi. Usiukate.

Hatua ya saba: mahali pake

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayobadilisha mambo kuliko zote. Iweke sabufa juu ya kochi, mahali pako pa kuketi, ilivyo ya ajabu kuiona pale. Cheza wimbo wenye besi inayotembea juu na chini, si ile inayopiga noti moja. Kisha piga magoti utambae kando ya kuta, kichwa kikiwa kwenye kimo ambacho sabufa itakaa, ukisikiliza. Kwenye kona utakuta besi kubwa lakini yenye matope. Hatua mbili kutoka kona huenda ukakuta noti moja imetoweka. Na mahali fulani kati ya hapo utasikia noti zote zikiwa karibu sawa. Hapo ndipo pa sabufa. Nilipoifanya kazi hii mtoto wa dada yangu aliingia, akanikuta nimeweka sikio chini ya kidaka, akauliza, “Mjomba, mwatafuta nini?” Nilikuwa nimeshapata: chini ya kidaka cha pili, mita 1.4 kutoka kona. Kanuni inayofanya mbinu hii ifae ni kwamba njia ya sauti kutoka hapa hadi kule ni ileile ya kutoka kule hadi hapa, kwa hiyo ukibadilishana mahali na sabufa matokeo hayabadiliki.

Usijali kama mahali hapo pako upande mmoja wa chumba, mbali na televisheni. Chini ya hezi 80 sikio halitambui kwa urahisi sauti imetoka wapi. Weka kikatio kwenye hezi 80, na kama spika zako ndogo ni dhaifu panda hadi 100. Fezi ijaribiwe kwa masikio: mmoja aketi, mwingine ageuze swichi, na upande ambao besi inasikika imejaa zaidi ndio uachwe. Volyumu ya sabufa ianzie sifuri na kupandishwa hadi sauti ya mwimbaji wa kiume ianze kubadilika, kisha irudishwe nyuma kidogo. Simu inaweza kukusaidia kucheza sauti za hezi 30, 40, 50 na kuendelea, lakini usiiamini ipime, kwa kuwa maikrofoni za simu huzipunguza sauti za chini.

Limebaki suala la majirani. Nyumba za Mkomani zimeshikana, nyingine zimeunganishwa kwa wikio juu ya kichochoro, na besi husafiri kupitia mawe na boriti hata pale ambapo maneno hayapiti. Bibi wa nyumba ya pili aliniambia asubuhi moja, bila kununa, “Mwanangu, muziki siusikii, lakini kitanda chanitetemeka.” Niliikatia sabufa miguu minne kutoka kwenye mpira wa tairi kuukuu, nikaiondoa kwenye ukuta tunaochangia, na kuanzia saa tatu usiku huishusha. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele zinataja mtetemo waziwazi, kwa hiyo hata sheria imekitambua kitanda chake.

Sahani nazo nilizitilia vipande vya kanga chini, moja baada ya nyingine, nikicheza hezi 50 hadi kila moja iliponyamaza. Tano nilizimaliza. Ya sita, iliyo karibu na mlango, niliiacha bila kitambaa kwa makusudi. Inapoanza kulia, najua volyumu imefika kwa jirani.